Namna ya Kufuta Deni kwa Dole Gumba: Mwongozo kwa Wasanidi Wasiopenda Kurudi Nyuma

Kila programu ya simu yenye orodha ndani yake hufikiwa na siku yake ya kuulizwa: mbona hapa mtu hawezi kutelezesha kidole akafuta? Muulizaji ni meneja wa bidhaa. Ameliona jambo hilo asubuhi kwenye simu yake, katika programu ya kampuni yenye wahandisi wengi kuliko wakazi wa kata yenu, na limempendeza jinsi mstari unavyochomoka na kutokomea pembeni. Usibishane naye. Mwongozo huu umeandikwa ili akiuliza Jumatatu uwe umemaliza Ijumaa, na simu za malalamiko zianze kuingia wakati wewe umeshahamishiwa mradi mwingine.

Ili tusielee hewani, tuchukue programu ya daftari la madeni la duka la mtaani. Mwenye duka, ambaye kwa Dar es Salaam ataitwa Mangi hata kama kwao ni Tandahimba, miaka yote ameandika madeni kwenye kaunta buku. Mteja anafika jioni, anasema, "Mangi, niandikie," na Mangi anaandika. Dada wa Saluni, sukari nusu na sabuni ya mche. Fundi Baiskeli, unga kilo mbili. Mzee wa Geti Jeusi, mayai sita na vocha. Mama Pacha, mafuta ya kupima. Sasa tumemshawishi ahamie kwenye simu, na kila mdaiwa amekuwa mstari mmoja kwenye skrini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea bila habari, mradi daftari liwe la kisasa.

Mahitaji

Simu moja mpya ya bei mbaya, isiyo na ufa. Usijaribie kwenye simu ya Mangi, ile yenye ufa kutoka kona hadi kona na protekta iliyokwisha kula vumbi la unga.

Intaneti ya ofisini, isiyokatika na isiyohesabiwa kwa bando.

Wadaiwa watatu: Jaribio 1, Jaribio 2 na Jaribio 3. Wasizidi hapo. Wakizidi, itabidi orodha isogezwe juu na chini, na hapo ndipo vidole huanza kutoa siri.

Kiti kisichotikisika.

Imani thabiti kwamba mtu akigusa kitu, basi alikusudia.

Hatua ya kwanza: Isome historia, kisha uielewe vibaya

Kwenye iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ukitelezesha kidole juu ya barua pepe hukuwa umefuta kitu. Ulikuwa umefichua kitufe chekundu, nacho kilitaka kubonyezwa. Vitendo viwili: kimoja cha kufungua, kingine cha kuamua. Mwaka 2013 ikaja Mailbox, programu ya barua iliyopendwa hadi watu wakapangishwa foleni kabla ya kuruhusiwa kuingia, na haukupita muda Dropbox wakainunua. Humo mtelezesho mmoja ulimaliza kazi: mfupi wa kuihifadhi barua kwenye kumbukumbu, mrefu wa kuitupa. Mailbox ilifungwa Februari 2016, lakini vidole vya dunia vilikuwa vimeshaonja. Mwaka 2017, katika iOS 11, Apple wakawapa wasanidi wote mtelezesho kamili. Mtumiaji akiuvuta mstari mpaka mwisho, kitendo cha kwanza hufanyika bila kitufe chochote kubonyezwa, na ndivyo itakavyokuwa usipokumbuka kuuzima.

Somo unalotakiwa kulichukua hapo ni kwamba mlinzi akiondolewa langoni, watu hushangilia. Mwenzako mmoja wa kikaoni atakumbusha kwamba Gmail ya Android, ukitelezesha barua, kwa kawaida huihifadhi tu kwenye kumbukumbu, na kwamba hata barua iliyofutwa hukaa siku 30 kwenye tupio. Mjibu kwamba huo ni woga wa kampuni yenye mawakili wengi. Sisi mawakili hatuna.

Hatua ya pili: Bandika msimbo

Kwenye Android utahitaji vitu viwili, vyote vya Google. RecyclerView huonyesha orodha. ItemTouchHelper husikiliza vidole. Unakiambia hiki cha pili kiruhusu kushoto na kulia, unakikabidhi orodha, basi. Mtumiaji akimaliza kutelezesha, kitakuita kupitia onSwiped: huyu hapa, ametolewa, fanya unavyojua. Ni mistari michache, utaibandika kabla chai haijapoa. Furahia, kwa sababu hii ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na kwa mujibu wa mwongozo huu ndiyo sehemu pekee.

Ndani ya onSwiped, uliza mstari uko nafasi ya ngapi, kisha futa deni lililo kwenye nafasi hiyo. Wenye nongwa watakuambia nafasi si mtu. Watasema kila deni lipewe namba yake ya kudumu, na kinachofutwa kiwe namba hiyo, kwa sababu wakati Mangi anatelezesha, mpwa wake anaweza kuwa anaandika deni jipya kwenye simu ya pili. Deni jipya hukaa juu. Wote hushuka hatua moja. Aliyekuwa wa nne sasa ni wa tano, na dole la Mangi lililomlenga Fundi Baiskeli linatua kwa Mzee wa Geti Jeusi. Wanasema pia kwamba orodha ikiwa katikati ya kujipanga upya, Android huweza kukupa nafasi ya -1, maana yake haijui mstari uko wapi. Wewe ichukue hiyo -1 ukamtafute mtu orodhani kwa kujiamini. Programu itajifunga yenyewe papo hapo, na Mangi atadhani simu imejaa picha.

Ukishafuta, kuna uhuni wa aina mbili wa kuchagua. Wa kwanza ni kutoijulisha orodha chochote. Mstari utakuwa umetoka lakini nafasi yake itabaki wazi, pengo jeupe katikati ya wadaiwa, na ukisogeza orodha juu na kurudi, mdaiwa anaweza kujitokeza tena akiwa mzima wa afya. Wa pili ni kuiambia kwa notifyDataSetChanged kwamba kila kitu kimebadilika. Skrini nzima itapepesa, na Mangi hataona nani ameondoka. Ukitumia notifyItemRemoved, mstari mmoja hutoka na wengine husogea taratibu kuziba nafasi, na jicho linaona kilichotokea. Tuliahidi kupoteza bila habari, kwa hiyo acha.

Wanaotumia Flutter wana Dismissible, nayo inadai ufunguo wa kukitambulisha kila kipengee. Ipe namba ya nafasi orodhani. Akiondoka wa pili, wa tatu ataurithi ufunguo wa wa pili, na Flutter itakutolea skrini nyekundu ikilalamika kwamba kilichotolewa bado kimo kwenye mti. Usiusome ujumbe huo. Tengeneza toleo la kutoa sokoni, huko hautokei.

Hatua ya tatu: Kisie kidole kilikusudia nini

Mangi hashiki simu kama ulivyoishika wewe. Mkono mmoja una mfuko wa sukari, mwingine una simu, na kinachoisogeza orodha ni dole gumba la mkono ulioishika simu hiyohiyo. Dole gumba limeota kwenye kiganja. Likipanda skrini haliendi wima, linachora upinde: linaanza kuelekea juu, kisha linakunja kuelekea pembeni. Android nayo haina subira. Ikishaona kidole kimesogea kiasi cha 8 dp, kipimo kidogo kuliko punje ya mahindi, huhesabu kwamba sasa kimeanza kuburuta, na lazima iamue: huyu anasogeza orodha au anafuta mtu?

ItemTouchHelper imewekewa kinga mbili. Mstari lazima uvutwe nusu ya upana wake ndipo uhesabiwe kuwa umetolewa, au urushwe kwa kasi. Ukiachwa kabla ya hapo, unarudi mahali pake. Wewe punguza nusu hiyo iwe moja ya tano, ili programu ionekane nyepesi. Matokeo utayapenda: Mangi akipandisha orodha kumtafuta Mzee wa Geti Jeusi, njiani atakuwa ameshawasamehe watu wawili.

Kuna shule ya wasanidi wanaopendekeza jambo hili lijaribiwe ukiwa umesimama ndani ya daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, mkono mmoja umeshika bomba, vidole vina mafuta ya kupima. Wanadai ukiweza kusogeza orodha ya watu sitini hapo bila kumfuta yeyote, kipimo chako kimekaa sawa. Ndiyo maana kwenye mahitaji tulisisitiza kiti.

Hatua ya nne: Chagua upande, halafu mwingine pia

Mtumiaji wako hakuzaliwa jana. WhatsApp imemfundisha kwamba ukitelezesha ujumbe kwenda kulia unaujibu. Tinder imemfundisha, yeye au mpwa wake, kwamba kushoto ni kumkataa mtu bila maelezo. Gmail inamruhusu achague mwenyewe. Kwa hiyo mwendo mmoja wa kidole una tafsiri tatu kabla hajafungua programu yako. Ongeza ya nne: pande zote mbili zifute. Anayetaka kujibu atafuta, anayetaka kukataa atafuta, na anayetaka kurudi ukurasa wa nyuma naye atafuta.

Huyo wa mwisho anahitaji maelezo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu nyingi hurudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni, uwe wa kushoto au wa kulia. Mstari wako wa orodha nao unaanzia ukingoni na kuishia ukingoni. Kidole kikianza milimita chache ndani, mdaiwa anaondoka. Kikianzia ukingoni kabisa, ukurasa unaondoka. Android inakubali programu iombe sehemu ya ukingo iachiwe, ila haikubali zaidi ya 200 dp kwa kila ukingo, yaani mistari michache tu ya orodha. Wadaiwa wa juu watakuwa salama kwa sheria tofauti na wa chini, jambo ambalo kwa hakika lina mantiki yake.

Mangi ana binamu mwenye duka Muscat, na simu ya binamu imewekwa Kiarabu. Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, mpangilio wa skrini hugeuka lugha ikisomwa kutoka kulia. Msimbo ulioandikwa kwa mwanzo na mwisho wa mstari hugeuka pamoja nao. Wewe andika kushoto na kulia, vilivyogandishwa. Kijipicha cha pipa la taka kitajitokeza upande mmoja na mstari utakimbilia mwingine, na binamu atafuta hesabu bila kuona kilichokuwa kimeandikwa nyuma yake.

Hatua ya tano: Paka nyekundu

Nyuma ya mstari weka nyekundu kwa kufuta na kijani kwa "amelipa". Usiandike neno lolote. Wasiotofautisha rangi hizi mbili wengi wao ni wanaume, na nyuma ya kaunta za mtaa wenu nani kasimama? Endelea.

Hatua ya sita: Uliza swali lisilojibika

Kuna meneja atakayeshtuka na kudai kila mtelezesho ufuatwe na dirisha la kuuliza. Mpe, tena kwa ukarimu. Liwe kila mara, kwa kila deni, hata la kiberiti. Kufikia Jumatano mkono wa Mangi utakuwa umejua mahali "Ndiyo" ilipo bila macho kushirikishwa, na dirisha litakuwa limegeuka sehemu ya pili ya mtelezesho.

Ukitaka kulikamilisha, zingatia maneno. Wanaojua kazi huandika kitakachotokea juu ya kitufe chenyewe: "Futa deni la 14,500" upande mmoja, "Liache" upande mwingine. Wewe andika: "Una uhakika unataka kughairi deni hili?" Vitufe viwe "Ghairi" na "Sawa". Kisha kaa pembeni umtazame mtu mzima, aliyelea watoto na kujenga nyumba kwa faida ya pipi, akishindwa kujua kipi kitamwachia hela yake.

Hatua ya saba: Mpe nafasi ya kujuta, isiyotosha

Siku hizi huwezi kukwepa "Tendua". Ni ule ukanda mdogo unaochomoza chini ya skrini: "Deni limefutwa", na pembeni neno la kurudisha. Wazo si geni. Programu za kuhariri maandishi kwenye kompyuta zilikuwa nalo tangu miaka ya 1970, na Gmail waliruhusu kuirudisha barua iliyotumwa, kwanza kama jaribio mwaka 2009, kisha rasmi mwaka 2015. Wahenga nao wametuachia kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ukanda huu unatambua sehemu ya kwanza ya methali hiyo. Tuuharibu.

Kwanza, muda. Mwongozo wa Material wa Google unataka ukanda ukae kati ya sekunde 4 na 10. Lakini Android inakupa vipimo viwili vilivyokwisha kukatwa: mfupi wa milisekunde 1500 na mrefu wa milisekunde 2750. Chagua mfupi. Sekunde moja na nusu ndiyo muda wa Mangi kuinua kichwa kumjibu mteja "karibu" na kukirudisha.

Pili, foleni. Ukanda mpya huuondoa uliotangulia. Akifuta wawili kwa mfululizo, "Tendua" inayobaki ni ya wa pili, na wa kwanza amekwenda na maji. Wapo wanaokusanya yote na kuandika "Madeni 2 yamefutwa", ukibonyeza yanarudi mawili. Hao wana muda.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu wenyewe: deni lifute kwenye hifadhidata mara tu kidole kinapoachia, kisha "Tendua" iliandike upya. Litarudi, ndiyo. Litarudi likiwa na tarehe ya leo badala ya ile ya mwezi wa pili, bila zile 3,000 za malipo ya kwanza, na likiwa juu kabisa ya orodha. Mama Pacha, aliyekwisha kulipa nusu, atakuwa anadaiwa nzima kuanzia asubuhi hii, na hayo mazungumzo hutataka kuwapo yakifanyika.

Njia ya waoga ni kutofuta chochote. Deni hupewa alama tu: limefutwa, tarehe fulani, saa fulani. Orodha inaonyesha yasiyo na alama, na "Tendua" kazi yake ni kuiondoa alama. Tarehe haijaguswa, malipo hayajaguswa, nafasi ni ileile. Ukurasa mmoja wa pembeni unaonyesha yaliyofutwa mwezi huu. Njia hii ni nyepesi kuliko ile ya kwanza, inakula nafasi ndogo ya simu, na inaondoa kabisa haja ya lile dirisha la hatua ya sita. Ubaya wake ni mmoja: lazima uifikirie kabla hujaanza, siku ile ya kwanza ambapo meneja alikuwa anaomba uhuishaji.

Kwa wenye iPhone kuna jadi nyingine, tangu mwaka 2009: kuitikisa simu ili kutendua. Mpendekezee mteja anayepanda bodaboda.

Hatua ya nane: Usiisumbue seva

Programu yako ina seva, na Mangi ana simu mbili: yake, na ile inayobaki dukani kwa mpwa. Bando la simu ya mpwa linakwisha mchana. Mangi, akiwa sokoni Kariakoo, anafuta deni la Dada wa Saluni aliyemlipa njiani. Seva inalifuta nayo, safi kabisa, hakuna lililobaki. Jioni mpwa anaweka bando. Simu yake inatazama: mimi nina deni la Dada wa Saluni, seva haina. Bila shaka hili ni deni jipya ambalo seva haijalipata. Inalituma. Dada wa Saluni anafufuka, Mangi anamfuta tena, mpwa anamfufua tena. Mchezo huu unaweza kuendelea mpaka dada ahame mtaa.

Tatizo ni kwamba kutokuwapo kwa kitu hakusemi kama kiliwahi kuwapo. Wanaotengeneza hifadhidata zinazokaa kwenye mashine nyingi walilijua hili zamani, ndiyo maana hawafuti moja kwa moja. Wanaacha alama ya kaburi: hapa palikuwa na kitu, kimefutwa. Cassandra, kwa mfano, usipobadilisha mipangilio yake, huitunza alama hiyo siku 10 kabla ya kuifagia, ili mashine iliyokuwa imezimika irudi na kukuta taarifa ya msiba badala ya kumleta marehemu mezani. Alama ile ya hatua ya saba, ile ya waoga, ingefanya kazi hii pia bila gharama ya ziada. Lakini wewe uliiruka, kwa hiyo wafariji wote wawili kwa kuwaambia waweke programu upya. Wakiiondoa simuni, yale yaliyokuwa hayajafika seva nayo yatapumzika.

Hatua ya tisa: Wasahau wasiotelezesha

Mtu asiyeona anayetumia TalkBack husoma skrini kwa kutelezesha kidole. Kulia ni kipengee kinachofuata, kushoto ni kilichotangulia. Ishara yako haimfikii kamwe, na hilo angalau linamaanisha ndiye mtumiaji pekee ambaye madeni yake yako salama. Ila hawezi kufuta hata anapotaka. Mwenye mkono unaotetemeka ana shida iliyo kinyume: anafuta asipotaka.

Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, ambayo watengenezaji wa programu za simu nao huifuata, ilisema katika toleo la 2.1 la mwaka 2018 kwamba kinachofanywa kwa kuchora njia kwa kidole kiwe na namna ya kufanywa kwa mguso wa kawaida. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza kinachofanywa kwa kuburuta. Kwa lugha ya dukani: weka vitone vitatu mwishoni mwa mstari, mtu akivigusa aone "Futa". Kazi yake haizidi nusu saa. Meneja atasema vitone vinachafua mandhari. Kubali haraka, kabla hajabadili mawazo.

Malalamiko ya kawaida na majibu yake

*"Kijana, naomba unirudishie watu wangu."* Mwambie ahakikishe anatumia toleo jipya.

*"Sikufuta mimi, ni mtoto alikuwa anacheza na simu."* Mtoto hutelezesha kwa sababu kinachochomoka kinamfurahisha, sawasawa na meneja. Usimwambie hivyo meneja.

*"Nilitaka kuonyesha amelipa, siyo kumfuta."* Hili ndilo la kuogopa, maana linagusa swali ambalo mwongozo mzima umelikwepa: mwenye duka anafuta deni kwa sababu gani? Karibu kila mara ni kwa sababu limelipwa. Na deni lililolipwa ni mali. Ndilo linalomwambia Mangi kwamba Fundi Baiskeli huchelewa lakini hulipa, akija tena aandikiwe. Ndilo linalomaliza ubishi mtu akidai alilipa mwezi uliopita. Tazama kaunta buku yake ya zamani. Hakuna ukurasa uliochanwa. Aliyelipa amekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, tarehe imeandikwa pembeni, na jina na kiasi bado vinasomeka chini ya wino. Mtelezesho wa kwanza ulipaswa kuwa huo, na kufuta kukae ndani ya vitone vitatu kwa ajili ya siku ile moja mpwa anapoandika 42,000 badala ya 4,200.

*"Nimerudi kwenye kaunta buku."* Mtumie ujumbe wa kumkaribisha tena, wenye mwezi mmoja wa bure. Usimuulize sababu. Akikueleza itabidi urudi hatua ya pili ukaanze upya: namba ya kudumu kwa kila deni, alama badala ya kufuta, ukanda wa sekunde kumi, vitone vitatu, siku moja ndani ya daladala. Na kazi hiyo ukiimaliza, hutakuwa na cha kuonyesha kikaoni. Meneja atauliza nini kimebadilika, nawe utamfungulia orodha ambayo deni la jana bado lipo leo.